Lami Ni Kitu Gani Hasa?

Barabara ikitoboka mashimo kabla ya mwaka kupita, kauli ya kwanza kusikika ni kwamba mwanakandarasi ametia lami nyembamba. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo, kauli hiyo ina utata wa kilugha unaotuzuia kuuliza maswali yafaayo. Neno lami tumelitwika vitu viwili: ule uji mzito mweusi utokanao na mafuta ghafi, na mchanganyiko mzima unaotandazwa barabarani. Katika mchanganyiko huo, uji wenyewe ni takriban sehemu 5 tu katika kila 100 za uzani. Zilizosalia ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe.

Kati ya 1958 na 1960, huko Illinois, Marekani, wanajeshi waliendesha malori juu ya barabara za majaribio hadi ekseli, yaani mitaimbo inayobeba magurudumu, zikapita zaidi ya mara milioni moja. Ilibainika kwamba uharibifu haukui sambamba na uzani, bali hukua takriban kwa kipeo cha nne. Mwalimu wa hisabati na awape wanafunzi wake hesabu hii: ekseli ya magurudumu manne, ambayo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huiruhusu tani 10, ikibebeshwa tani 12, barabara huumia mara mbili na zaidi. Anayelipenyeza lori kama hilo kwenye mizani hutuuzia sote hasara, na kwa bei ya chai!

Kenya nayo ilikuwa maabara. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, watafiti wa Uingereza walichunguza jinsi barabara zetu zinavyochakaa, na matokeo yakachapishwa 1975. Yalichangia mbinu ambazo Benki ya Dunia ilizitumia baadaye kukadiria gharama za barabara duniani. Aghalabu elimu ya namna hii husalia katika Kiingereza, ilhali mlipa kodi hulalamika kwa Kiswahili.

Ningependekeza ule uji uitwe bitumini, na lami ibaki kuwa jina la mchanganyiko. Hapo mwanakijiji aliyesimama kando ya shimo ataweza kumwuliza mhandisi: je, ni bitumini iliyokakamaa kwa jua na hewa ikapasuka, ni tabaka la chini lisiloshindiliwa, au ni maji yaliyopenya kwa kuwa mtaro umeziba?