Sheria inavyowalinda madaktari vitani: Funzo la Tanga

WAINGEREZA waliposhindwa katika mapigano ya Tanga Novemba 1914 na kurejea melini, baadhi ya majeruhi wao walibaki mjini, wakatibiwa katika hospitali ya Wajerumani.

Hiyo haikuwa hisani tupu. Mkataba wa Geneva wa 1906 uliagiza majeruhi watunzwe bila kujali taifa lao, na jeshi linalolazimika kuwaacha liwaachie baadhi ya matabibu wake, kadiri hali ya vita inavyoruhusu. Daktari au muuguzi aliyeangukia mikononi mwa adui hakuhesabiwa mateka.

Kinga hiyo iliendelezwa katika Mikataba ya 1949, ambayo Tanganyika ilijiunga nayo 1962. Lakini hospitali ikitumiwa kumdhuru adui na kupuuza onyo, hupoteza ulinzi. Hapo huumia majeruhi.