LITI: MWANAMKE ALIYEKATAA KUTAWALIWA

Tuwatajapo mashujaa waliopigana na Wajerumani, twaanza na Mkwawa wa Uhehe na Isike wa Unyanyembe. Hao walikuwa watawala, wenye maboma na majeshi. Lakini Wanyaturu wa Singida hawakuwa na mtemi mmoja juu ya nchi nzima. Kila ukoo ulijitawala.

Katika nchi hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20, alitokea mwanamke aitwaye Liti Kidanka. Hakuwa na kiti wala bunduki. Wazee husimulia kuwa askari wa Wajerumani walipomjia, aliwatuma nyuki wakawatimua, mpaka wakoloni walipompata na kumwua.

Mwenye kuyacheka masimulizi hayo na atazame maana yake. Nyuki mmoja hufukuzwa kwa mkono. Mzinga mzima huwakimbiza wenye silaha. Koo zilizotengana zilipata neno moja la kuziunganisha, kama watu wa kusini walivyoyapata maji mwaka 1905.

Leo uwanja wa mpira mjini Singida unaitwa Liti. Ndugu, tuendapo kushangilia, tuwasimulie watoto asili ya jina hilo. Jina lisilosimuliwa hubaki maandishi ukutani tu.