Je, Wajua? Takwimu za Beni zimefika mbali kuliko wanafunzi wake

Je, wajua kwamba mara ya mwisho Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuhesabu watu wake kwa sensa ya kisayansi ilikuwa mwaka 1984? Aliyezaliwa mwaka ule ameshavuka miaka arobaini, na huenda ana mwana anayetafuta chuo. Kwa hiyo ukiuliza Butembo, mji wa mashariki mwa nchi hiyo, ina wakazi wangapi, utakachopewa ni makadirio, na makadirio hayo hubadilika kulingana na ofisi uliyoingia.

Mji huohuo usio na hesabu ya watu wake, pamoja na jirani yake Beni, uliwahi kuandikwa kwa undani ambao miji michache Afrika imewahi kuandikwa. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, si mbali na Beni. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Kila mgonjwa alikuwa na mstari wake kwenye jedwali: umri, mtaa, siku homa ilipoanza, aliketi na nani, alizikwa wapi. Waliojulikana kumgusa mgonjwa walifuatiliwa siku 21. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, nao wakaandikwa. Nchi isiyojua ina watu wangapi ilijua, katika mitaa kadhaa ya Katwa, zoni ya afya ya Butembo, nani alimpelekea nani chakula Jumapili ipi.

Katika mlipuko huohuo ulizaliwa utafiti wa dawa uliobadilisha tiba ya Ebola duniani. Jina lake ni la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, ingawa majarida ya kitabibu huandika PALM tu. Kuanzia Novemba 2018 wagonjwa 681 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina waligawiwa dawa nne kwa bahati nasibu. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, utafiti haukufa. Agosti 2019 kamati iliyokuwa ikichungulia takwimu ilisimamisha zoezi kabla ya wakati wake, kwa sababu jibu lilikuwa limeshajitokeza: waliopewa mAb114 walifariki asilimia 35, waliopewa REGN-EB3 asilimia 33.5, na dawa nyingine mbili zilikuwa karibu na asilimia 50 au zaidi. Uamuzi huo ulitokana na hesabu. Kuna watu waliokaa mbele ya kompyuta wakasema kwamba kuendelea na dawa dhaifu, hata kwa wiki moja zaidi, ni kuua.

Kisha kuna habari ya dereva wa pikipiki. Kijana huyo aliugua Ebola katikati ya 2019, akatibiwa, akapona, na miezi michache baadaye akaugua tena. Wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, walikuwa wameshaleta mashine za kusoma vinasaba vya virusi hadi Katwa kwenyewe. Walipolinganisha virusi vya mara ya kwanza na vya mara ya pili, waliona ni karibu vilevile: vilikuwa vimejificha mwilini mwake, wala hakuambukizwa upya. Mnyororo ulioanzia kwake ulifikia watu 91. Bila ulinganishaji ule, kila mtu angekuwa anamtafuta mgonjwa wa kwanza ambaye hayupo.

Hesabu za mlipuko ule, zoni ya afya kwa zoni ya afya, ziliwekwa wazi mtandaoni, na vinasaba vya virusi pia. Mwanafunzi wa Boston au Stockholm aliweza kuzipakua usiku na kuziandikia tasnifu. Kinachonishughulisha ni hiki: anayetoka palepale zilipokusanywa hufikaje kwenye darasa la uzamili la sayansi ya data? Siyo kwamba hakuna fedha. Fedha zipo, ila zimezungushiwa vijiti vidogovidogo, na ukivisogelea utaona kila kimoja kinatoa sababu yake kwa adabu kabisa.

Tuanzie mbali. Je, wajua kwamba serikali ya Uingereza ilianza mwaka 2020 kutoa ufadhili wa pauni 10,000 kwa watu 1,000 wa makundi yenye uwakilishi mdogo, wanawake, weusi na wenye ulemavu wakiwamo, ili wasome uzamili wa akili bandia na sayansi ya data hata kama shahada yao ya kwanza ilikuwa ya fani nyingine? Mpango mzuri, lakini ulikusudiwa wakazi wa kule. Binti wa Kinande, watu wa Butembo na Beni, aliyekulia London angeweza kuomba. Binamu yake wa Butembo, mweusi vilevile na mwanamke vilevile, hahesabiki kuwa na uwakilishi mdogo kwa sababu hayumo kabisa kwenye hesabu.

Kijiti cha pili kiko karibu zaidi, kwenye mto Lubiriha. Upande huu ni Kasindi, upande ule ni Mpondwe, Uganda. Wanande wa huku na Wakonzo wa kule husikilizana kwa lugha, huoana na kuzikana. Lakini Uganda ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, na mpango wa ufadhili wa Jumuiya hiyo, ulioasisiwa mwaka 1959, huwachukua raia wa nchi wanachama. Kijana wa Kasese anajaza fomu. Wa Kasindi hana fomu ya kujaza. Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009, Gabon na Togo mwaka 2022, zote bila kuwahi kuwa koloni la Uingereza. Mlango umewahi kuwafungukia waliobisha, Kongo bado iko nje.

Tatu, karatasi. Mhitimu wa Kongo hutoka chuoni na "relevé de cotes", waraka wa alama uliopigwa mhuri na kutiwa saini, kila somo likihesabiwa juu ya 20. Mfumo huo ulirithiwa kutoka Ubelgiji, na ni mchoyo. Kumi juu ya ishirini ni kufaulu. Asilimia 70 ni "distinction", nayo husherehekewa kwa kuku na soda. 80 ni ya kusimuliwa mtaani mwaka mzima. Sasa waraka huo ukifika kwenye meza ya ofisi iliyozoea alama za Marekani, 70 inasomeka kama C. Ongeza kwamba mhitimu wa mfumo wa zamani alisoma graduat miaka mitatu na licence miaka miwili, jumla mitano, halafu anaambiwa licence yake ni shahada ya kwanza. Nchi imehamia mfumo wa miaka mitatu, miwili na mitatu, lakini wenye karatasi za zamani ni wengi na ndio wanaoomba sasa. Ushauri wa bure: barua ya chuo inayoeleza ngazi za alama, na nafasi ya mwombaji darasani, yaani wa ngapi kati ya wangapi, humwokoa mtu kuliko insha tamu ya kurasa mbili.

Lugha nayo ni kijiti, maana kozi nyingi za data hufundishwa kwa Kiingereza na shule za Kongo hufundisha kwa Kifaransa. Hapo Beni ina karata yake. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC, kilianza mwaka 2007 chini ya David Kasali, aliyewahi kuongoza chuo cha theolojia Nairobi, na tangu mwanzo kilitaka mwanafunzi wake amudu Kifaransa na Kiingereza. Kinafundisha kompyuta, na taasisi yake ya utafiti imefanya kazi ambayo mtaalamu yeyote wa data angeiheshimu: kupima na kuchora ramani za mashamba katika eneo ambako ugomvi wa mpaka wa shamba unaweza kuua. Umeme wa kufanyia kazi hiyo ni hadithi nyingine. Mwaka 2017 Beni ilipata gridi ndogo ya jua ya takribani kilowati 55, na kampuni iliyoijenga, ambayo leo inaitwa Nuru, ilitokana na watu waliokuwa wakifanya kazi hapo UCBC.

Je, wajua pia kwamba Kiswahili cha Kongo kilikuwamo katika hazina ya tafsiri ya TICO-19, iliyotolewa mwaka 2020 ili mashine zijifunze kutafsiri habari za korona? Miongoni mwa walioshiriki kuiandaa ni Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Chuo hicho kina tawi Kigali tangu 2011, na mwaka 2022 Wakfu wa Mastercard uliahidi kulipa dola milioni 275.7, sehemu yake ikiwa ya kusaidia wanafunzi wa Kiafrika wasio na uwezo.

Kigali, kwa kweli, imejaa. Chuo Kikuu cha Rwanda kina Kituo cha Umahiri cha Afrika cha Sayansi ya Data, kimoja kati ya vituo 24 vilivyopatikana kwa fedha za Benki ya Dunia katika nchi nane za mashariki na kusini mwa Afrika. Kongo haikuwa mojawapo ya hizo nane.  AIMS, taasisi ya hisabati iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003, nayo iko Kigali tangu 2016, na mwaka 2018 ilianzisha hapo uzamili wa akili mashine kwa msaada wa Google na Facebook. AIMS imekuwa ikiwalipia wengi wa wanafunzi wake kila kitu: ada, chumba, chakula, nauli. Matawi yake ya Senegal na Cameroon yamezoea wanaotoka kwenye Kifaransa, jambo ambalo waombaji wengi wa Butembo hawalijui.

Kumbe kwenda Kigali ndiko kugumu. Tangu waasi wa M23 walipoichukua Goma Januari 2025, njia ya kawaida ya kusini imekatwa na mstari wa mapigano, na utawala wa mkoa wa Kivu Kaskazini ukahamia Beni. Anayetaka kufika hulazimika kuzunguka: Kasindi, Kasese, kisha kushuka kusini hadi Gatuna, mpakani mwa Rwanda. Anayetaka viza ya Ulaya ana Kinshasa mbele yake, na huko hakuna barabara ya maana kutoka Kivu, ni ndege.

Butembo haijawahi kungoja mtu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa mwaka 1989 na Askofu Emmanuel Kataliko, wakati dola ya Mobutu ilikuwa haina tena nguvu ya kujenga hata choo cha shule. Wafanyabiashara wa mji huo huchangiana kwa likelemba, yaani mchango wa zamu, na minerval, ada ya masomo ya mtoto, hutoka humohumo. Tatizo ni kwamba likelemba inaweza kulipa mwaka wa Butembo. Mwaka wa Ulaya haiwezi.

Ubelgiji, mkoloni wa zamani, bado ina mifuko miwili, wa upande wa Kifaransa uitwao ARES na wa upande wa Kiflemi uitwao VLIR-UOS, na Kongo imekuwa kwenye orodha ya yote miwili. Ule wa Kiflemi umewahi kulipia uzamili wa takwimu na sayansi ya data pale Hasselt. Angalia umri wako kabla ya yote, ukomo upo.

Na Chevening ya Uingereza? Hiyo Wakongo wanaruhusiwa kuomba, na kuomba ni bure. Inataka saa 2,800 za kazi, yaani saa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, miaka miwili. Kazi ya muda na ya kujitolea huhesabiwa. Mwaka 2019, Beni na Butembo zilijaa vijana walioingiza majina ya wagonjwa kwenye kompyuta na kutembea nyumba kwa nyumba wakiandika joto la mwili la waliowagusa wagonjwa. Wengi wao hawajawahi kuzijumlisha saa zile.