NJIA YA UANI IANGAZWE: PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Nyumba nyingi za Nagongera, katika wilaya ya Tororo, hufuata desturi moja: nyumba ya kulala mbele, jiko kando yake, na choo nyuma ya migomba, mwendo wa hatua thelathini hivi kutoka mlangoni. Mchana njia hiyo haina neno. Lakini Nagongera iko chini ya digrii moja kaskazini ya Ikweta, na kwa hiyo usiku wake ni wa takriban saa 12, mwaka mzima. Ikifika saa moja jioni, uani ni giza tupu. Na ni humo mama hupita na chungu cha moto, bibi hupita na mkongojo, na mtoto hukimbilia chooni.

Kwa familia za askari jambo hili lina uzito zaidi. Baba akiwa zamu huko Rubongi, au mpakani Malaba na Busia, wanaobaki nyumbani ni mama na watoto. Kibatari, au tadooba kama kiitwavyo Uganda, huzimwa na upepo wa kwanza. Tochi huisha mawe usiku ule ule inapohitajika. Nyoka aliyelala njiani hapigi hodi. Tena watoto waogopao giza hujisaidia nyuma ya jiko, na asubuhi nzi huwa wamekwisha pata riziki yao. Kwa hiyo, ndugu msomaji, taa ya njia ya choo si pambo. Ni afya na usalama wa nyumba.

VOLTI 12 ZATOSHA

Kazi hii haihitaji umeme wa volti 240. Umeme huo waweza kuua, na jembe la mtu apaliliaye migomba likikata waya wake, msiba huwa umeingia nyumbani. Yafaa kutumia taa ndogo za LED za volti 12, zinazopata nguvu kutoka betri inayochajiwa na jua. Jua la wilaya hii lina sifa: mwaka 2017 Tororo ilipata kituo cha umeme wa jua cha megawati 10. Mwenye umeme wa gridi naye aweza kutumia transfoma ndogo ya kushusha volti, mradi ifungwe ndani ya nyumba na fundi mwenye ujuzi, na waya wa volti 240 usitoke nje kamwe.

TEMBEA NJIA USIKU

Kabla ya kwenda dukani, chukua kamba na kipande cha karatasi. Tembea njia hiyo usiku, polepole, na mama wa nyumba awe pamoja nawe, kwa kuwa yeye ndiye aijuaye zaidi. Andika mahali penye kona, ngazi, mzizi, mfereji wa maji ya mvua, na mlango wa choo. Hapo ndipo taa zinapostahili kukaa.

Tuchukue mfano wa njia ya meta 20. Taa moja kila baada ya meta 4, tangu mwanzo hadi mwisho, ni taa 6. Kila moja ikiwa ya wati 3, jumla ni wati 18. Ziwekwe kimo cha goti, zikiwa na kifuniko kinachoelekeza mwanga chini. Kila askari aliyelinda lindo ajua kuwa mwanga ukimpiga machoni haoni kilicho nyuma yake. Taa ya njia yapasa kuhudumia miguu, wala si kupofusha macho. Rangi ya manjano hafifu ni bora kuliko nyeupe kali, kwa sababu huvuta wadudu wachache zaidi.

WAYA USIWE MWEMBAMBA

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha zao. Wati 18 kwa volti 240 huhitaji ampea 0.075 tu, lakini kwa volti 12 huhitaji ampea 1.5, yaani mara ishirini. Umeme mwingi kiasi hicho ukipita katika waya mwembamba, volti hupotea njiani. Tuseme mzigo wote uko mwisho wa meta 20: waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba hupoteza chini ya nusu volti. Waya wa nusu milimita ya mraba hupoteza zaidi ya volti 2. Taa ya mlango wa choo, inayohitajiwa kuliko zote, ndiyo itakayofifia.

Waya upitishwe ndani ya bomba la plastiki na kufukiwa kina cha sentimeta 45, jembe lisiufikie wala mchwa wasiutafune. Nguzo za taa ziwe za chuma.

HESABU YA USIKU MMOJA

Si lazima taa zote ziwake hadi alfajiri. Taa 6 ziwake kuanzia saa 1 jioni hadi saa 5 usiku: wati 18 kwa muda wa saa 4 ni wati-saa 72. Kisha zibaki taa 2, ya kona na ya choo, zenye waya wake na swichi yake, hadi saa 12 asubuhi: wati 6 kwa muda wa saa 7 ni wati-saa 42. Jumla ni 114. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea-saa 9.5 kwa usiku mmoja.

Siku za mawingu zipo, basi tuweke akiba ya usiku 2: ampea-saa 19. Betri ya kawaida ya risasi na asidi hufa mapema ikizoea kutumiwa kupita nusu yake. Kwa hiyo tunahitaji betri ya ampea-saa 40 hivi. Paneli ya wati 50 yatosha kuirudishia nguvu. Iinamishwe digrii 10 tu, maji na vumbi vishuke. Katika Ikweta jua hupita kaskazini miezi fulani na kusini miezi mingine.

TAHADHARI

Volti 12 hazirushi mtu, lakini ncha mbili za betri zikigusana hutoa cheche ziwezazo kuunguza nyumba. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu na betri, na kidhibiti chaji kati yake na paneli. Betri ikae penye hewa, mbali na watoto, wala si chumba cha kulala.

Tororo ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi sana. Swichi ya kukata waya wa paneli izimwe mvua ikiwa bado mbali. Radi ikishaanza, mtu asiguse waya.

Mwisho, taa haifukuzi mbu. Nagongera imekuwa mahali pa utafiti wa malaria kwa miaka mingi kwa sababu ya wingi wa ugonjwa huo. Njia ikiwa na mwanga, watu hushawishika kuketi nje hadi usiku. Hivyo chandarua kiendelee kutumika.

Kina baba walio likizo wanaweza kuikamilisha kazi hii kwa siku 2: moja ya kupima na kuchimba, nyingine ya kufunga. Watakaporudi kazini, watajua kwamba mtoto akiamka usiku wa manane ataiona njia yake.