Kompyuta Inavyochagua Njia ya Mifugo



Wataalamu wa mpango wa matumizi ya ardhi wanaweza kufika kijijini na ramani ambayo tayari imechorwa mapito ya mifugo na wanyamapori. Ni vizuri ujue mistari hiyo inatoka wapi, maana ramani ikishapitishwa, eneo lililobaki nje ya mistari linaweza kutengwa kwa kilimo.

Kompyuta huigawa nchi yote katika viraba, tuseme vya mita 100 kila upande. Kila kiraba hupewa namba ya ugumu: nyasi tambarare 1, korongo au kichaka kizito 6, shamba zaidi ya hapo. Kisha hujumlisha namba kutoka bomani hadi lamboni na kuchagua njia yenye jumla ndogo. Chukua boma lililo kilomita 4 kutoka lambo, yaani viraba 40. Kama 25 ni nyasi na 15 ni makorongo, jumla ni 25 na 90, yaani 115. Njia ya kuzunguka kilomita 7, yote nyasi, ni 70 tu. Kompyuta itazunguka, kama ambavyo mchungaji yeyote angefanya.

Kujumlisha hakuna shida. Shida iko kwenye namba, kwa sababu zinawekwa na mtu. Tazama uwanda wa Simanjiro. Kwenye picha ya satelaiti ni nyasi fupi, safi: namba 1. Lakini nyumbu wa Tarangire huhamia huko mvua zinaponyesha, na huzaa karibu mwezi Februari. Ndama wao hubeba kirusi kisichowadhuru wenyewe, ila ng'ombe akikipata hufa, na tiba hakuna. Ndiyo maana wazee huwaondoa ng'ombe uwandani msimu huo. Kiraba kile kile, wakati huo, kingestahili namba 50. Picha haioni hilo. Haioni alalili ya ndama wala zamu za kisimani.

Kwa hiyo, kabla ramani haijaletwa mkutano mkuu wa kijiji, ombeni ramani mbili, ya kiangazi na ya masika. Mwulizeni mtaalamu aliweka namba gani wapi, naye abadilishe palipokosewa. Kwake ni kazi ya muda mfupi. Kisha mchague mstari mmoja mnaoutilia shaka, mtembee naye kuanzia bomani hadi majini, pamoja na vijana wanaochunga kila siku.