Ujiji: Bandari ya Ziwani na Watu wa Milimani

Wasomaji wetu wa Heru Juu na wa vijiji vya jirani, leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mji ambao wengi wenu mmeusikia tangu utoto, na baadhi yenu mmeufikia kwa miguu yenu wenyewe. Mji huo ni Ujiji, katika pwani ya Ziwa Tanganyika. Hapo kale ulikuwa bandari yenye sifa kuliko zote za ziwa lile. Kisha bandari ikahama mwendo wa kilomita chache tu, mji ukaachwa ukitazama. Twataka kueleza jinsi Ujiji ulivyoipata bahati hiyo na jinsi ulivyoikosa, maana katika mambo hayo watu wa milima ya Uha walikuwa na sehemu kubwa kuliko isemwavyo vitabuni.

Kwanza tupatazame mahali penyewe. Ujiji hauna ghuba. Pwani yake ni wazi, mchanga wake wateremka polepole sana, na mtu aweza kuingia majini hatua nyingi kabla maji hayajamfika kiunoni. Kwa nahodha wa meli kubwa hapo ni mahali pabaya. Lakini mtumbwi hautaki kina. Wataka mchanga laini wa kuuvuta juu jioni, na uwanja mpana wa kushushia mzigo. Ujiji ulikuwa na vyote viwili. Tena njia ya kutoka Tabora, ifuatayo bonde la Malagarasi, ilikoma hapo; na ng'ambo ya maji ndiko kulikokuwa na nchi ya Manyema na pembe zake za ndovu. Basi wenye mitumbwi na wenye misafara wakakutana.

Lakini watu wakikutana lazima wale, na chakula kilitoka nyuma ya mji. Nafaka, maharagwe, mbuzi na ng'ombe viliteremka kutoka milimani. Juu ya hayo yote kulikuwa na chumvi ya Uvinza. Karibu na mahali Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, maji ya chumvi yabubujika katika ardhi. Watu walikusanyika huko wakati wa kiangazi, maana masika mito hufurika na kuyafunika machimbuko. Waliyachota maji hayo, wakayachemsha katika vyungu mpaka chumvi ikabaki. Mwaka 1967 wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale wakaona vigae vya vyungu na alama za moto zilizoonyesha ya kuwa kazi hiyo imefanywa kwa muda wa miaka ipatayo 1,500. Fikirini basi: kabla ya Mwarabu wa kwanza kufika ziwani, kabla ya Mzungu yeyote kusikia jina la Tanganyika, chumvi ilikuwa imekwisha kujifanyia njia zake. Wafanyabiashara wa pembe walipokuja, walikuta njia ziko tayari.

Na nchi ilikuwa na wenyewe. Uha uligawanyika katika milki kadha wa kadha, kila moja na Mwami wake. Heru ilikuwa mojawapo, na Heru Juu palikuwa makao ya Mwami, mpaka utawala wa machifu ulipokomeshwa mwaka 1963. Ujiji nao ulikuwa na Mwami wake. Wasafiri wa karne ya kumi na tisa waliandika jambo la ajabu juu yake: aliishi milimani, na mwiko ulimkataza kulitazama ziwa. Mtawala wa bandari asiyeruhusiwa kuyaona maji yake! Lakini tukifikiri vema, twaona si jambo la kuchekesha tu. Enzi ya nchi ilikaa juu, pamoja na ng'ombe na mashamba. Pwani kulikuwa na watwale wa kuangalia soko, na wageni waliofika kwa mtumbwi walitawaliwa kwa mkono wa mbali.

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walianza kufika Ujiji katika miaka ya 1830 na 1840. Waingereza Burton na Speke walifika Februari 1858, wakakuta soko limekwisha kusimama. Nahodha Edward Hore, aliyekuja na wamisionari mwaka 1878, alilieleza soko hilo kwa makini, na hasa fedha yake. Fedha hiyo ilikuwa ushanga wa kioo, mfano wa vipande vya shina la kiko lililovunjika. Shanga 20 zilitungwa katika uzi mmoja, na nyuzi 10 zikafanya fungu moja. Kwa doti moja ya kitambaa hafifu, yaani yadi 4, mtu alipewa mafungu 9 mpaka 11. Wanafunzi na wafanye hesabu: doti moja ilikuwa sawa na shanga 1,800 mpaka 2,200. Na kwa nini hesabu haikuwa moja siku zote? Kwa sababu msafara ukiingia na nguo nyingi, nguo hurahisika. Nguo zikiadimika, mwenye doti hupandisha shingo. Palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kubadilisha nguo kwa shanga, ili mnunuzi apate fedha ndogo ya kununulia samaki, mawese, chumvi au ndizi. Kwa maoni yetu, mji wenye wabadili fedha wake haukuwa kituo cha porini, ijapokuwa wageni wengi waliuita hivyo.

Hatuwezi kuyasema mazuri ya soko lile na kunyamaza juu ya mabaya yake. Pamoja na pembe, watu waliuzwa. Mateka wa Manyema na wa nchi nyingine za ng'ambo walivushwa ziwa katika mitumbwi na majahazi, wakapumzishwa Ujiji, kisha wakapelekwa Tabora na pwani ya bahari kwa miguu. Wengine walibaki Ujiji, wakawa wapagazi, wavuvi, mafundi na waume na wake za watu, na wajukuu wao ni wenyeji wa mji hata leo. Kiswahili cha Ujiji na misikiti yake vilikua katika mchanganyiko huo wa watu waliokuja kwa hiari na watu walioletwa kwa kamba.

Shuleni, Ujiji hufundishwa mara nyingi kana kwamba uliumbwa siku ile Stanley alipoivua kofia yake mbele ya Dakta Livingstone, mwishoni mwa mwaka 1871. Hatuikatai habari hiyo. Livingstone alikuwa amerudi kutoka Manyema mgonjwa, bidhaa zake zimekwisha kuuzwa na mtu aliyewekewa amana, na mmoja wa watu wa kwanza kumlaki Stanley alikuwa Susi, mtumishi wake mwaminifu. Lakini kwa wasomaji wetu sehemu iliyo bora ni ile ya siku chache kabla yake. Stanley alipopita katika Uha alitozwa hongo. Alilipa kwa mkuu wa kwanza, makumi ya doti. Akalipa kwa wa pili. Kisha akaambiwa ya kuwa mbele wako wengine wanaongoja. Alipopiga hesabu akaona atafika Ujiji mikono mitupu. Ndipo akakodi kiongozi, akatoka njiani usiku, akapenya porini kimyakimya na watu wake wote. Yeye aliandika kwa hasira juu ya tamaa ya Waha. Sisi twasema kwamba mwenye njia hutoza ushuru wa njia, na ya kwamba mtu mwenye bunduki nyingi aliyeona afadhali kunyata usiku alikuwa ameifahamu nguvu ya nchi aliyomo.

Sasa twafika kwenye kupungua kwa Ujiji, na hapa ziwa lenyewe lilikuwa la kwanza kuuonea mji. Maji ya Tanganyika hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Katikati ya karne ya kumi na tisa mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa kwa mchanga na majani, na ziwa likawa lapanda. Stanley aliporudi mwaka 1876 alikuta michikichi mitatu, ambayo mwaka 1871 ilisimama sokoni, sasa imo majini futi 100 kutoka ukingoni. Yapata mwaka 1878 kizuizi kikavunjika, maji yakatoka kwa nguvu, na katika miaka kumi na mitano hivi ziwa likashuka kadiri ya mita 10. Maji yakipungua katika sinia, ukingo hukauka mbali. Yakipungua katika mtungi, ukingo ni uleule. Ujiji ulikuwa sinia. Pwani ikaukimbia mji.

Mtungi ulikuwa Kigoma, kilomita zipatazo 8 upande wa kaskazini, nyuma ya rasi ya Bangwe: ghuba iliyozungukwa na vilima, yenye kina, isiyopigwa na mawimbi. Wakati wa mitumbwi hapo hapakuwa na thamani kubwa. Wajerumani walijenga boma Ujiji mwaka 1896, lakini wahandisi wao walipopima mahali pa kukomesha reli, hawakutaka mchanga, walitaka kina. Gari la moshi kutoka Dar es Salaam, safari ya kilomita 1,250 hivi, lilifika Kigoma Februari 1914. Meli iliyojengwa Ujerumani, ikafunguliwa na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata wenyewe wakaizamisha isitwaliwe na adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Reli ilipita Uvinza pia, na chumvi iliyokuwa ikitembea vichwani mwa watu ikapanda behewa. Ndipo mpagazi, na mwuza chakula wa njiani, na mbadili shanga, wote wakakosa kazi. Vijana wengi wa Uha, ambao baba zao walitelemka ziwani kwa biashara, wakapanda gari lilelile kwenda kukata mkonge Tanga.

Ujiji haukufa. Leo Kigoma na Ujiji ni manispaa moja, na jina lake lina majina yote mawili. Wavuvi hutoka usiku na taa zao, dagaa huanikwa asubuhi, na magunia hupandishwa Kasulu na mbali zaidi. Mwaka 2015, machafuko yalipotokea Burundi, watu maelfu walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, penye mlima nyuma na maji mbele. Liemba ikawachukua safari baada ya safari mpaka Kigoma, na kutoka huko wakapandishwa Uha, katika kambi ya Nyarugusu.

Na ziwa limeanza tena kupanda. Mwaka 2024 maji yaliingia katika mitaa ya Bujumbura, na pwani ya Kigoma pia imeona ukingo ukisogea. Mnara wa Livingstone umejengwa Ujiji penye sifa ya kuwa ndipo wale wawili walipokutana, zamani karibu na maji. Mgeni aufikiaye leo huuliza ziwa liko wapi, na wenyeji humwonyesha kwa kidole, kule chini, ng'ambo ya nyumba na mashamba.