Faraja ya Jikoni Katika Siku za Mashaka

Jumatatu ya tarehe 7 Julai 2025 iliwakuta wengi wetu katika mwezi wa Muharram. Waliofunga walifunga, walioamkia chai waliamkia chai, lakini kila nyumba ilikuwa na jambo moja: simu mkononi. Barabara za kuingia Nairobi zilikuwa zimewekewa vizuizi tangu alfajiri, shule na maduka mengi ya huko hayakufunguliwa, na kufikia usiku Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa ikihesabu maiti. Siku zilizofuata hesabu hiyo ilipita watu 30. Hapa Mombasa hapakuwaka moto kama ule wa bara, nasi tulimshukuru Mola kwa hilo. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba tulilala.

Pwani tuna mazoea ya kusema kwamba hayo ni mambo ya bara. Ni maneno ya kujituliza, wala hayana ukweli mwingi. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, uliowatoa vijana barabarani siku moja tu baada ya mapumziko ya Idd-ul-Adh'ha, ulipendekeza ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Ni jiko gani la Kibokoni, la Kisauni au la Likoni lisilonunua vitu hivyo viwili? Ushuru wa mkate uliondolewa kabla ya kura kupigwa, na mswada wenyewe Rais alikataa kuutia sahihi tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa na vijana kupigwa risasi. Tena, mbali na bei, kuna watoto wetu waliotapakaa katika vyuo na kazi za Nairobi, Thika na Eldoret. Mama mwenye mwana huko hana bara wala pwani.

Tuanze basi na simu, kwa kuwa ndiyo iliyotutesa zaidi. Tarehe 25 Juni 2025, vituo vya televisheni vilipoamriwa kuacha kuonyesha maandamano moja kwa moja, uvumi ulipata uwanja. Kila kundi la WhatsApp likawa na picha zake: nyingine za kweli, nyingine za mwaka uliotangulia, nyingine hata si za nchi hii. Mama hutazama kila damu akitafuta shati analolijua. Hilo si kupata habari. Ni adhabu mtu anayojipa mwenyewe, na haimsaidii mwana kwa lolote.

Tumeona nyumba kadhaa zikipata dawa yake, nayo ni nyepesi. Hupatana na kijana mapema, kabla ya siku yenyewe, kwamba ataleta habari zake mara mbili: baada ya Adhuhuri na kabla ya Magharibi. Hana haja ya kueleza mengi. Hutuma neno moja, "Nipo," na mama hujibu, "Alhamdulillahi." Kati ya nyakati hizo simu huwekwa juu ya kabati, sauti yake ikiwa wazi ili isikike ikilia, na picha hazifunguliwi. Mama mmoja alituambia kwamba neno lile moja lilimtosha kufuturia. Sisi twaamini, kwa sababu siku kama hizo mtu huwa hatafuti furaha. Hutafuta pa kuegemea mgongo.

Watoto wadogo wana shida nyingine. Shule ikifungwa ghafla hufurahi kwanza, kisha huanza kusikiliza, na masikio ya mtoto hayana pazia. Huuliza kwa nini askari anampiga mtu. Wengi wetu huwajibu, "Nyamaza, kacheze." Tungependa kusema kwa upole kwamba jibu hilo humwacha mtoto peke yake na hofu yake. Mtoto wa miaka saba aweza kuambiwa kwamba watu wamekasirika kwa kuwa maisha yamekuwa magumu, kwamba wapo waliodhulumiwa, na kwamba babake amekwenda kazini na atarudi kwa njia ya salama inshaallah. Akishaelezwa hivyo apewe kazi ya mikono. Akae na bibi achambue mbaazi, aukande unga wa mahamri, hata kama nusu yake itaishia sakafuni. Jioni zirudi zile hadithi za "Paukwa!" "Pakawa!" ambazo televisheni ilizifukuza sebuleni. Wala si lazima ziwe za mafunzo. Sungura akimcheka fisi, inatosha.

Jambo zito zaidi, nalo hatutaki kulipita, ni ugomvi ulioingia ndani ya nyumba zenyewe. Mzee husema maandamano ni fitna, hayaleti ila vilio. Kijana humjibu kwamba kunyamazia dhulma nako ni dhulma. Mama hukaa katikati na sahani ya chakula mkononi. Tumesikia nyumba ambamo baba na mwana hawakusemezana kwa wiki nzima. Sisi twaona kwamba mzee ana haki ya kuogopa, na kijana ana haki ya kukasirika. Aprili au Agosti, kijana aliyesoma hana kazi. Na mwezi Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa akiwa Homa Bay akafa mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Kumwambia kijana "fanya subira" bila ya kumsikiliza kwanza ni kuitumia subira kama kufuli la mdomo. Vilevile kijana naye ajue kwamba anayechoma duka la mtu amemdhulumu mtu, hata akibeba bendera.

Wala tusidhani kwamba aliye ndani yuko salama na aliye nje ndiye wa kulaumiwa. Siku ile ya 7 Julai msichana wa miaka 12 aliuawa na risasi huko Kiambu, naye alikuwa ndani ya nyumba yao. Ukuta haukumfaa.

Bibi mmoja wa Mji wa Kale alipata njia ya kuwatuliza wajukuu zake waliokuwa wakizozana na baba yao. Aliwaita barazani, akawasimulia Saba Saba ya kwanza, ya mwaka 1990, jinsi watu walivyotaka vyama vingi wakapigwa na wengine wakafungwa, na jinsi wengi walivyosema hakuna kitakachobadilika. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoruhusu chama kimoja pekee kikafutwa. Katiba mpya ikazinduliwa Agosti 2010, na ndani yake mahakama za Kadhi zikabaki. Alivyomaliza, baba wa watoto wale akaongeza yale aliyoyaona mwenyewe akiwa kijana, mambo ambayo hakuwahi kuwahadithia. Kahawa ikamiminwa tena. Hawakukubaliana, lakini walikaa mkeka mmoja hadi adhana ya Isha.

Katiba hiyohiyo ina faraja nyingine ambayo kina mama wengi hawaijui. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa aambiwe sababu ya kukamatwa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiangukia siku au saa ambazo mahakama hazifanyi kazi. Mama anayekwenda kituoni kumtafuta mwanawe akiwa na maneno haya huzungumza kwa sauti nyingine. Hapa Mombasa, MUHURI na Haki Afrika wamekuwa wakifuatilia kesi za waliokamatwa. Anwani zao ziandikwe kwenye karatasi, zibandikwe karibu na friji, na twaomba zisihitajiwe.

Twarudi jikoni, kwa kuwa ndiko tuendako sote mwishowe. Siku za ghasia huwaumiza kwanza wanaokula walichochuma siku hiyohiyo: mama wa viazi karai, muuza bhajia, kijana wa tuktuk. Viazi na kabichi za Kongowea hutoka bara, na lori likikwama njiani bei hupanda. Wateja nao hujifungia mapema, na karai hubaki limejaa. Mtume wetu (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji anapopika mchuzi ili apate cha kuwapa jirani zake. Hakumtaka awe tajiri kwanza. Katika mtaa mmoja wa Majengo kina mama wa kikundi cha kuweka akiba waliuelewa wasia huo kwa namna yao: walimwendea muuza viazi wao asubuhi, kabla hajakaanga, kila mmoja akaagiza sahani yake na kulipa. Magharibi ilipofika watoto walitumwa kuzichukua, milango miwili tu kutoka kwao. Miongoni mwa walioagiza alikuwamo jirani Mkristo kutoka Ukambani, aliyekuwa akimngoja mumewe dereva wa lori. Yeye aliagiza sahani mbili.

Baadaye usiku, nyumba zilizosoma Yasini ziliisoma, udi ukafukizwa, na mtu mmoja akabisha hodi kwa jirani huyo kuuliza kama dereva amekwisha kupiga simu. Alikuwa amepiga. Yuko Mtito Andei, analala huko, na asubuhi atateremka.